Paa Lililopimwa kwa Mikono ya Mize

Sogeeni, na aliye karibu na mlango aufunge.

Mize alikuwa mwanagenzi wa useremala. Fundi Faki alimfundisha: "Mbao za paa zipimwe kwa mikono ya mwenye nyumba. Nyumba humshika aliyeipima."

Fundi alipokuwa msituni kukata miti, likaja zimwi, mikono limeificha kanzuni.

"Nipaulie nyumba, binti. Mikono yaniuma, pima kwa yako."

Mize akaona huruma. Akapima mwamba wa paa, nyumba ikahema. Akapima boriti, nyumba ikahema. Akapima kenchi, akapanda kuzipigilia, nyumba ikanyamaza.

Fundi akarudi. "Mize, umepima kwa mikono ya nani?"

"Yangu, fundi."

"Shuka upesi, mwanangu."

Lakini mikono yake ilikuwa imeshaungana na mbao. Zimwi likaingia ndani, likajilaza chali, likatazama juu.

"Paa hili," likasema, "lina joto."