Mipapai Miwili Isiyozaa

Paukwa!

Pakawa!

Nyie, hivyo ndivyo mnavyoitikia? Mmeshiba, sauti mmeziacha kwenye sufuria. Paukwa!

Pakawa!

Haya. Hapo zamani za kale alikuwapo Digidigi na mwanawe mmoja tu, Chepe. Jirani yao alikuwa Chui. Chui mzee, meno yamemtoka, nyama ngumu haiwezi. Anaimumunya asubuhi mpaka jioni, mwisho anaitema.

Digidigi akapanda mipapai. Akaipalilia, akaimwagilia, akaiwekea samadi. Ikazaa. Papai likiiva, anakula na mwanawe. Likiwa bichi, anampelekea Chui. Chui anaipaka nyama papai bichi, anaiacha, inalainika, anakula. Yakawa ndiyo mapatano yao: Chui apate papai, Chepe acheze salama.

Kila Ijumaa Chui yuko mlangoni. "Hodi, mwanangu. Papai langu?"

"Hili hapa, Mzee Chui."

Siku moja akapita Kima. Mnamjua Kima, mashamba ya watu anayajua yote, la kwake hana. Akaitazama mipapai, akacheka.

"Dada, hii miwili mbona haina kitu? Maua tu yananing'inia."

"Hiyo ni madume, ndugu yangu. Haizai."

"Haizai, na samadi unaipa? Unafuga wavivu. Ikate, mingine inenepe."

Maneno yakamwingia. Si ndiyo sisi? Akachukua panga. Pa, pa, pa. Madume chini.

Mapapai yaliyokuwapo yakaliwa, yakaisha. Mipapai iliyobaki ikatoa maua. Pu, yakaanguka. Ikatoa tena. Pu, yakaanguka. Digidigi akaongeza samadi, akaongeza maji. Pu.

Akamwuliza Nyuki, "Shamba langu limerogwa?"

"Halijarogwa," Nyuki akasema. "Unga wa maua tulikuwa tunautoa kwa madume, tunaupeleka kwa majike, ndipo yanashika tunda. Madume umeyakata. Sasa tulete nini?"

"Mbona hukuniambia?"

"Uliniuliza?"

Digidigi akapanda mbegu siku ileile. Lakini mpapai hauzai kwa siku moja, jamani.

Ijumaa ikafika. "Hodi, mwanangu. Papai langu?"

"Mzee wangu, nivumilie. Nimepanda mingine."

Chui hakukasirika. Afadhali angekasirika. Akasema polepole, "Nakuelewa. Na wewe ielewe njaa yangu. Nyama ngumu siiwezi, cha kuilainishia huna. Itabidi nile iliyo laini tangu mwanzo." Akamtazama Chepe, aliyekuwa anacheza juu ya kigogo cha mpapai.

Digidigi alilia, akaomba, akapiga magoti. Haikusaidia kitu.

Kima akasema toka juu ya mti, "Mimi nilishauri tu. Panga alishika mwenyewe."

Mwaka uliofuata mipapai mipya ikakomaa, madume na majike pamoja, na majike yakazaa. Mapapai yakaiva, yakaoza palepale. Digidigi hakuwa na mtoto wa kumpa.

Basi sikieni, wakubwa na wadogo. Usimwite mwenzio mvivu kwa kuwa kazi yake huioni. Uliza kwanza, panga litakusubiri. Hadithi yangu imeishia hapo, na aliyetaka mwisho mtamu, mimi sinao.