Herufi Alizozikariri

Wahenga hawakukosea waliposema kwamba akili nyingi huondoa maarifa. Mtu anaweza kuwa mwerevu hadi werevu wake ukamchimbia shimo. Anayebisha na asikilize kisa cha mhariri mmoja wa kampuni ya uchapaji, ambaye wenzake walimbandika jina la Mwewe kwa kuwa hakuna kosa lililompita.

Mwewe alishinda mbele ya kompyuta tangu asubuhi hadi jioni. Siku za karibuni, ikifika alasiri, herufi ziliacha mistari yake zikaanza kuelea polepole, kama majani makavu juu ya maji. Taa za dari zilichanua maua ya mwanga. Ilikuwa ndoto nzuri, nusura aipende, lau si kichwa kilichomgonga na macho yaliyowasha kana kwamba yametiwa mchanga. Hakumwambia mtu. Mwewe asiyeona ana kazi gani tena?

Ndipo meneja alipotangaza kwamba kesho yake angekuja mpimaji wa macho. Mwewe akaona kazi inamponyoka. Ubao wa herufi ulipokwisha kutundikwa katika chumba cha mikutano, Mwewe alibaki nyuma, akausogelea hadi pua ikakaribia kuugusa, akazikariri herufi zote safu kwa safu. Nyumbani akaziimba akiosha vyombo, akaziimba akimsuka binti yake nywele, hata mtoto akauliza huo ni wimbo gani.

Siku ya siku alizitiririsha bila kusita, jicho la kulia kisha la kushoto, ingawa mbele yake palikuwa na ukungu mweupe tu. Mpimaji akamsifu kwamba macho yake ni mazima. Bi Pole, jirani yake wa meza, alikwama safu ya tatu, na Mwewe akamwonea huruma kimoyomoyo.

Lo, kumbe! Hakuna aliyefukuzwa. Wiki iliyofuata Bi Pole alikuja na miwani, kwani kampuni ilimpa kila aliyeshindwa, pamoja na skrini kubwa na ruhusa ya kupumzisha macho kila saa.

"Dada, kumbe pazia lile la dirishani lina picha za ndege," alisema akicheka. "Miaka yote nilidhani ni madoa."

Mwewe alicheka naye huku roho ikimuuma. Alitaka kukiri hila yake, lakini aibu ikamrudisha kwenye kompyuta yake.

Jioni alikwenda kumchukua binti yake shuleni. Watoto walimiminika langoni, sare zao zote ukungu mmoja wa buluu. Akatabasamu, akamshika mmoja mkono, akaanza kuvuka naye barabara. Mtoto akajichomoa akilia.

"Wewe si mama yangu."

Nyuma yake sauti aliyoijua ikasema taratibu, "Mama, mimi niko hapa. Nilikupungia mkono, ukanipita."

Machozi yakamtoka Mwewe. Alichuchumaa, akamkumbatia mwanawe, akamwambia ukweli wote: mama haoni vizuri, na kesho atamwomba meneja amrudishe kwa mpimaji. Kisha binti akamshika mkono akamvusha, akimwonya kwa kila gari lililokuja.

Ama kweli, akili nyingi huondoa maarifa.