Mstari Mmoja wa Mzee Ndalahwa

Wewe umewahi kufuta kosa lako, likafutika kweli? Usijibu upesi. Sikiliza kwanza.

Hapo zamani, ila si zamani mno, maana kompyuta zilikwishafika na kushika vumbi, palikuwa na hospitali ya wilaya. Masijala ilikuwa ya Mzee Ndalahwa. Katika madaftari yake kosa halikufutwa. Lilikatwa kwa mstari mmoja ili la zamani lisomeke, kisha aliyekata akatia sahihi na saa.

Mafaili ya wagonjwa yalipohamia kwenye kompyuta, Tumpe, aliyefundishwa kazi na mzee, aliuhamisha na mstari huo. Ukibadili neno, kompyuta inaandika lilikuwa nini, limekuwa nini, nani kabadili, saa ngapi. Wauguzi wakacheka, wakasema dada Tumpe katuletea mmbea wa umeme. Tumpe akawajibu kwamba mmbea huyu angalau haongezi chumvi.

Asubuhi moja akaletwa Bi Mwanahawa, hajitambui. Faili lilisema hana dawa inayomdhuru. Mganga mkuu, sindano ya penisilini mkononi, akafungua kwanza orodha ya mabadiliko, kama Tumpe alivyomsumbua afanye miezi yote ile. Jana, saa nne: "Penisilini humdhuru" imebadilishwa kuwa "Hakuna." Akaiweka sindano chini. Bi Mwanahawa akapona kwa dawa nyingine.

Mganga akaita kikao. Akatangaza kwamba chumba kipya cha kumbukumbu kitapewa jina la mtu mmoja anayestahili sifa ya kupona kwa Bi Mwanahawa, na aliyebadili faili lile atafukuzwa kazi. Orodha ilishamtaja: Ndalahwa.

Mzee alikuwa amebandika neno lake la siri kwenye karatasi, juu ya kioo cha kompyuta, na kila aliyesahau la kwake aliingia kwa la mzee. Wote walijua. Tumpe aliiona karatasi ile kila siku akanyamaza, kwa kuona haya kumkosoa mwalimu wake.

Mzee hakumtaja mtu. "Jina ni langu," akasema, "na karatasi niliibandika mimi. Niandikieni barua yangu ya kufukuzwa."

Waliokuwa kikaoni wakasema basi chumba kipewe jina la Tumpe. Tumpe akakataa: bila mzee asingeujua hata huo mstari. Mzee naye akasema aliwafundisha watu kumi na wawili, aliyeushika ni huyu mmoja.

Ndipo akasimama Skolastika, muuguzi aliyecheka kuliko wote. Aliongea akitazama viatu vyake.

"Ni mimi. Akina Mwanahawa wako wawili. Nilitaka kurekebisha faili la yule mwingine, nikagusa la huyu, na niliingia kwa neno la mzee. Dada Tumpe, jina lake kwenye orodha usilifute. Likate kwa mstari mmoja, uandike langu pembeni."

Haya, nyie mnaosikiliza: mlango ule uandikwe jina la nani?