Nusu Kichwa kwa Apointimenti

Mtendaji wa kata, Bwana Kilahama, alilipenda neno apointimenti kuliko salamu. Hata muuza maandazi aliulizwa, "Una apointimenti?" Kinyozi Shemdoe alikuwa amezungushwa naye miezi miwili kwa fomu ya kibali cha kibanda chake, na bila kibali hicho Jumatatu kibanda kingevunjwa.

Jumamosi asubuhi Kilahama akaja kunyolewa, maana saa sita alikuwa anamwoza binti yake. Shemdoe akamnyoa upande wa kushoto hadi ukang'aa, kisha akazima mashine na kumvua kitambaa.

"Mbona unaniacha hivi?"

"Upande wa kulia ni kwa apointimenti, mheshimiwa. Nafasi ipo wiki ijayo."

Kilahama akatazama kioo, akatazama saa. "Lete hiyo fomu yako!"

Akasaini kwa hasira. "Haya, malizia!"

Shemdoe akaikagua fomu taratibu. "Si wewe uliyeniambia sahihi bila mhuri ni michoro ya watoto?"

"Mhuri uko ofisini, ng'ambo ya soko!"

"Basi kimbia, mheshimiwa," akasema Shemdoe, akimfungulia mlango. "Ukirudi nao, ingia tu. Hakuna apointimenti."