Neno Ambalo Mshubiri Ulilimeza

Wakati huo mimea ilikuwa na midomo, na haikujua kunyamaza. Nyinyi mnaolalamika leo kwamba kulima kunachosha, mngalilima siku zile, mchicha ukiwaita kwa majina kabla hamjanawa uso! Kila mche ulisema unachotaka, tena kwa sauti, na usipopewa ulinung'unika mpaka majirani wasikie.

Ndipo Mbodze alipoolewa Vidundani. Alikuwa binti wa wafinyanzi. Kwao udongo ulikuwa kitu cha kukandwa na kuchomwa, na mboga walibadilishana kwa vyungu. Jembe hakuwahi kulishika. Lakini desturi ya Vidundani haikumuuliza bibi harusi ametoka wapi. Alipewa kijishamba nyuma ya jiko, na kiangazi kikifika ukingoni mavyaa yake, mama wa mumewe, angekuja kuchuma humo kitu kibichi kwa mkono wake mwenyewe. Akikosa cha kuchuma, kijishamba kingechukuliwa kisirudishwe, na mwanamke yule angeishi kwa kuomba mboga. Palikuwa na mmoja wa namna hiyo pale kijijini. Akipita na kikapu chake kitupu, watu walikatisha mazungumzo. Mbodze alimwona siku ya pili ya ndoa yake.

Basi akapanda kila alichopewa: mchicha, nyanya, bamia, pilipili. Na kwa kuwa mikono yake ilijua njia moja tu ya kushika udongo, aliukanda ule wa shambani kwa maji, akaushindilia mashinani, akaulainisha kwa kokoto mpaka ukang'aa kama chungu kipya. Alisimama kando kuutazama, akaona kazi imependeza. Kelele zilianza pale pale.

"Tunakosa pumzi!" ilipiga mayowe mimea yote pamoja. Alipoufumua udongo, mchicha ukadai maji. Alipoleta maji, nyanya ikalia kwamba inazama. Pilipili ikataka kivuli, na alipoweka makuti, bamia ikauliza nani amelizima jua. Mbodze alikimbia kutoka kisimani hadi shambani, na mara nyingine alifika na mtungi kichwani akasimama katikati, hajui amemletea nani. Katika kukimbia huko akavunja mitungi mitano aliyokuja nayo kutoka kwao, akaitupa nyuma ya jiko ikawa rundo la vigae.

Aliwauliza majirani. Mmoja alimwambia amwagilie asubuhi, wa pili akamwambia ole wake akimwagilia asubuhi. Mwisho akapiga magoti mbele ya mavyaa yake, Bi Jumwa.

"Mama, nimsikilize nani?"

"Lisikilize shamba, mwanangu."

"Ndilo linalonipigia kelele, mama."

"Basi umezidi kusikiliza," alisema Bi Jumwa, akaendelea kupepeta mchele. Mbodze alirudi akiwa amechanganyikiwa kuliko alivyokwenda.

Kulikuwa na mche mmoja aliokuwa amesahau kuupanda. Shangazi yake Kadzo alikuwa ameutia ndani ya kapu siku ya kuagana, kijichipukizi cha mshubiri chenye majani matatu ya miiba miiba. Alipoutoa, ulikuwa umekaa gizani miezi miwili bila tone la maji. Aliinama akauuliza kwa unyenyekevu unataka nini, yeye ataleta.

"Niache," ulisema mshubiri.

Mbodze aliumia. Alikuwa ametukanwa na mchicha na kusimangwa na nyanya, lakini hakuna aliyekuwa amemkataa. Hata huu uliotoka kwao haumtaki! Machozi yakamtoka. "Nimekuacha!" alisema, akautupa juu ya rundo la vigae. Mshubiri ulifumbua kinywa useme neno la pili, lakini alikuwa amekwisha kuupa mgongo. "Nyamaza! Usiniambie neno jingine." Mshubiri ulikuwa mtiifu. Neno lile ukalimeza.

Kiangazi kikakaza. Kisima kilipobakia tope, mimea ililia usiku na mchana, ikalia mpaka sauti zikakauka, kisha nayo ikakauka. Kimya kiliingia Vidundani, kimya ambacho hakuna aliyewahi kukisikia, na Mbodze hakujua kama ashukuru au aogope. Alijua tu kwamba shamba lake lilikuwa jeupe.

Siku yenyewe ya kuchuma Bi Jumwa alikuja na mkono ulioungua, maana asubuhi hiyo chungu cha uji kilikuwa kimempindukia. Alizunguka kijishamba mara moja. Mbodze alisimama ameinamisha kichwa, akimfikiria yule mwanamke wa kikapu kitupu. Kisha akasikia hatua za mavyaa yake zikipita kwenda nyuma ya jiko, na vigae vikilia chini ya miguu.

Mshubiri ulikuwa umejaa rundo zima, majani yamenona, watoto wake wamechomoza katika kila ufa. Bi Jumwa alivunja jani kwa mkono wake mwenyewe, akapaka utomvu palipoungua, akashusha pumzi. Halafu akaramba kidole, na uso wote ukajikunja.

"Nani alikufundisha kuukuza?"

"Hakuna, mama. Mshubiri wenyewe uliniambia niuache, nikauacha kwa hasira. Ukataka kusema na jingine, nikaukataza." Mbodze aliinama mpaka sikio likagusa jani. "Ulitaka kuniambia nini?" Jani lilikuwa baridi, na kimya.

Bi Jumwa alicheka, ingawa mdomo ulikuwa bado mchungu. "Mtu akiomba kitu kimoja tu, akapewa, husema neno gani?"

Mbodze alifikiri, akaketi juu ya vigae, akalia. Kijishamba kilibaki chake.

Na tangu siku hiyo mimea haisemi, na mshubiri una majani manene na uchungu wake. Mwenye kuanza kulima hupewa kwanza chipukizi lake. Anayetoa hasemi "kaupande", husema "kauache". Naye anayepokea hatoi shukrani, kwa kuwa imo tayari ndani ya jani. Mwenye shaka na arambe.