Matanga ya Mwana wa Bi Tohe

Hadithi! Hadithi!

— Njoo!

Ije na utamu?

— Ije na utamu!

Leo utamu hakuna, wakubwa wameumaliza. Ije hivyohivyo?

— Ije hivyohivyo!

Hapo zamani za kale, nyika ilikuwa na bwawa moja tu, na bwawa lilikuwa na mkubwa mmoja tu, Kiboko. Nyasi za ukingoni zilikuwa zake. Mamba walikuwa askari wake. Wanyama wengine walilamba umande.

Desturi ya nyika ilikuwa kupanga mistari kila baada ya masika kadhaa, kuchagua mkubwa wa bwawa. Mwenye mstari mrefu ndiye. Mwaka ule Kobe naye akajitokeza, akasema, "Mkinichagua, kila mmoja atakunywa." Kobe, jamani! Lakini vijana walimpenda.

Uchaguzi ulipokaribia, vijana wakavunja matawi mabichi, wakateremka bwawani wakiimba:

"Maji yaliletwa na mvua,
Kiboko tuondokee!"

Mamba wakatoka majini, wakamkamata mtoto wa Nyumbu. Hakuonekana tena.

Kiboko akaenda matangani na mzigo wa nyasi na vibuyu vya maji. Akalia kwa kwikwi. "Poleni wafiwa. Kazi ya Mungu haina makosa."

Wanyama walikuwa na njaa. Wakala, wakanywa, wakasema, "Lakini Kiboko ana utu."

Vijana wakateremka tena, wakaimba tena. Safari hii Mamba wakamkamata mtoto wa Punda Milia. Kiboko akaja na mizigo miwili. Akalia tena. Kazi ya Mungu tena. Wakala. Bi Tohe, yule swala wa kwenye matete, alikuwepo, naye akala. Alijaza mashavu yote mawili.

Bi Tohe alikuwa na mwana mmoja tu, Mwepesi. Vijana walipojiandaa kuteremka mara ya tatu, akamzuia mlangoni. "Usiende, mwanangu."

"Mama, wewe umelamba umande tangu uzaliwe. Nisipokwenda, wanangu watalamba nini?"

Bi Tohe akachukua ukindu mwekundu, akaufunga kwenye tawi la mwanawe, apate kumtambua kwa mbali. Kisha akasimama kilimani, macho kwenye ukindu. Vijana wakaimba. Ukindu ukaenda, ukaenda, ukazama. Bi Tohe akapiga yowe.

Kiboko akaja matangani na mizigo mitatu. Watu wa msiba wakaivamia. Kumbe nyasi zile zilikatwa palepale ukingoni, na Mamba walikuwa wamezoa kila kilichokuwepo. Katikati ya mzigo wa tatu, Bi Tohe akaona tawi lenye ukindu mwekundu.

Akalinyanyua juu. "Kiboko! Tawi la mwanangu limefikaje kwenye nyasi zako? Nipe mwanangu nimzike!"

"Mama, kazi ya Mungu..."

"Mungu hana meno bwawani!" Akawageukia wenzake. "Temeni! Hata mimi nilikula kwenu, na leo naona haya. Temeni!"

Midomo ilikuwa imejaa. Punda Milia akatazama chini. Nyumbu akatazama chini. Kisha wakameza.

"Aliyekufa kafa, Bi Tohe," akasema Nyumbu. "Na sisi tulio hai tule nini?"

Siku ya mistari ikafika. Mstari wa Kiboko ulipanda kilima ukashuka upande wa pili. Nyuma ya Kobe alisimama Bi Tohe na vijana wachache waliosalia.

Kesho yake nyasi hazikuletwa, wala maji. Kiboko alikuwa ameshapata alichokitaka. Jua likachoma, umande ukakauka, ndama wakaanza kuanguka. Nyumbu na Punda Milia wakaja kwa Bi Tohe, ndimi nje. "Dada, tuongoze twende bwawani tukaandamane."

"Wa kuwaongoza mlishammeza," akasema Bi Tohe. "Nendeni. Mkifiwa nitakuja, nitalia nanyi mpaka asubuhi. Lakini msinipakulie."

Basi funzo ndilo hilo: ukila matanga aliyoyaleta muuaji, umemruhusu aandae mengine, na hujui zamu ya nani.

Hadithi yangu imefika ukingoni. Kama ni tamu, gawaneni. Kama ni chungu, msiiteme. Hiyo ndiyo ya kumeza.