Mfereji wa Midomo Miwili

Paukwa!

Pakawa!

Pakawa gani hiyo, ya watu waliolala njaa? Haya, nitasema nanyi hivyo hivyo. Hapo zamani za kale, mito ilipokuwa ikizungumza na watu, palikuwa na mpumbavu mmoja, jina lake Buya. Msimwonee huruma. Mimi simwonei.

Nchi ya kwao ni tambarare kama sinia. Mto ukikosa mteremko hauna haraka, unajivuta kushoto, unajivuta kulia. Mto wao ulipiga kona moja kubwa mno, ukarudi karibu ukutane na wenyewe, ukabakiza kipande chembamba cha ardhi katikati. Hapo kwenye kipande ndipo alipojenga Buya. Mbali kule, kwenye tumbo la kona, alikaa shemeji yake Bi Mwanaidi, mjane wa kaka yake. Mitumbwi yote ilifunga kwa Bi Mwanaidi, na soko lilikuwa kwake. Kwa Buya ilipita tu, hata salamu haikutoa. Wivu ukamla mwanamume mzima na ndevu zake.

Sasa, watu wa kule huchimba mifereji kila mwaka kupeleka maji kwenye mpunga. Mfereji wao una mdomo mmoja: maji yanaingia kutoka mtoni, yanaishia shambani. Mtoto anayejifunza kutembea analijua hilo. Buya akachimba wa midomo miwili, mmoja mto wa huku, mmoja mto wa kule, akakikata kile kipande.

Kiboko akatoa kichwa majini. "Buya, unachimba nini?"

"Njia ya mkato. Mto utapita mlangoni kwangu, shemeji abaki na tope lake."

"Na ukishapita, nani ataushika?"

"Wewe kula majani yako."

Kiboko akazama zake. Nani abishane na mtu kama yule?

Mto ukaonja ule mfereji, ukasema kwa sauti tamu: "Buya, nimechoka kuzunguka. Nipanulie kidogo, nipite." Buya akakata migomba yake, akapanua.

Mto ukasema: "Buya, nimechoka kuzunguka. Nipanulie kidogo, nipite." Akavunja zizi la mbuzi, akapanua. Huku anacheka, eti mto unamnyenyekea.

Masika yakaingia. Mto ukasema: "Buya, nimechoka kuzunguka. Nipanulie kidogo, nipite."

"Ngoja kwanza," Buya akasema. "Imebaki nyumba."

"Nimeiona," mto ukajibu, ukapita nayo.

Njia fupi ina mteremko mkali kuliko ndefu, na maji yakipata mteremko hayamjui aliyeyaita. Jiko likaenda, kitanda kikaenda, ghala likaenda. Mitumbwi ikawa inapita mlangoni kwa Buya kweli, ila mlango haukuwapo. Na ilipita mbio kiasi kwamba hakuna ulioweza kusimama.

Kule kwenye kona je? Mto ulipoiacha, ulimwaga tope kwenye ncha zake mbili. Ncha moja ikaziba kabisa, nyingine ikabaki na kijimlango. Maji yaliyobaki ndani yakapoa. Ukidondosha jani asubuhi, mchana unalikuta chini ya mti ule ule. Mto ukijaa, maji yanaingia kinyumenyume. Ukipungua, yanatoka taratibu. Matete yakaota, mayungiyungi yakatanda, kambare wakahamia na watoto wao.

Bi Mwanaidi alilia, sitawaficha. Soko lilikufa, mitumbwi haikuja tena. Buya alipita akamcheka: "Shemeji, unalinda maji maiti?" Hiyo ilikuwa kabla ya masika, mfereji ulipoanza kunyonya maji ya kona na nyumba yake ingali imesimama. Kisha kiangazi kikaja, mto ukapungua, visima vikakauka, na kwa Bi Mwanaidi mpunga ulisimama kijani ukingoni na kambare walijaa kapu.

Buya akafika na mkeka kichwani. Ndio mali yote aliyobakiwa nayo.

"Hodi, shemeji."

"Karibu. Umekuja kwa njia ipi, ile ya mkato?"

Buya akatazama chini. Angetazama wapi? Bi Mwanaidi akampakulia wali na kambare, akamwacha ale ashibe. Alipomaliza kunawa, akampa jembe.

"Kijimlango kile kinazibwa na tope kila mwaka. Kikiziba kabisa, maji haya yanaoza na sote tunahama. Kazi yako ni kukizibua. Mdomo mmoja, shemeji. Mmoja."

Akachimba mpaka akazeeka, na watu wakayapa maji yale jina lake: Mto wa Buya. Si alitaka mto wake? Ndio huo, ameupata, na hauendi popote.

Hadithi yangu imeishia hapo, na anayeitaka ndefu zaidi akachukue jembe aichimbe mwenyewe.